Dubwana Lisilotisha

Msomaji wa riwaya ya mapenzi baina ya binadamu na dubwana huidai riwaya hiyo jambo moja tu, nalo ni kwamba dubwana litishe. Ni kwa matarajio hayo nilipoishika Twilight ya Stephenie Meyer, iliyochapishwa Marekani mwaka 2005. Katika utangulizi, Bella Swan, msimulizi wa nafsi ya kwanza, anakitazama kifo ana kwa ana. Taharuki iliyoje! Basi nikangoja, na ngojangoja yaumiza matumbo.

Edward Cullen ni mnyonya damu aliyezaliwa mwaka 1901, ila umbo lake limesimama kwenye umri wa miaka 17. Halali jenezani, anasoma shule ya upili mjini Forks, jimbo la Washington, ambako mawingu hayaishi. Jua halimuunguzi, humfanya ametemete kama almasi. Damu ya watu ameiacha, anakunywa ya wanyama wa mwituni. (Mtoto wa Pwani aliyewahi kutishwa kwa mumiani angecheka.) Hatari iko wapi basi? Nadhani Meyer mwenyewe aliihisi kasoro hiyo, kwani riwaya ikielekea ukingoni analeta wanyonya damu watatu wageni, na mmojawapo, James, anamwinda Bella hadi Phoenix. Uovu wote anatwikwa mgeni ili mpenzi abaki safi.

Kinachotisha kwa kweli hakihesabiwi kuwa kitisho. Edward huingia chumbani mwa Bella usiku bila idhini, akamtazama alalapo. Bella anapoambiwa, linalomtia haya zaidi ni kwamba yeye huzungumza usingizini! Tulinganishe na ngano ya binti na dubwana aliyoichapisha Mfaransa Jeanne-Marie Leprince de Beaumont mwaka 1756. Dubwana lile humposa binti kila jioni mezani, naye hukataa, nalo hulipokea jibu lake. Linajua kuwa linatisha, ndiyo maana linaomba. Edward ni mzuri wa sura, haombi.

Sisi nasi tunayo ngano ya binti aliyewakataa wachumba wote, akamchagua kijana mtanashati asiye na kovu, kumbe ni zimwi. Fanani humjulisha msikilizaji mapema, bibi arusi akiwa bado anatabasamu, na hapo ndipo nywele husimama. Uzuri wenyewe ndio mtego. La kusikitisha ni kwamba Meyer alikuwa nao mtego huo mkononi: Edward anamwambia Bella waziwazi kuwa sauti yake, uso wake, hata harufu yake, vyote ni vya kuvutia windo. Kisha jambo hilo linaachwa, tunarudishwa kwenye kusifu uso.

Mara moja tu nilikaribia kutosheka. Huko Phoenix, James amemng'ata Bella mkono, na Edward hana budi kuifyonza sumu kabla haijaenea. Damu aliyojinyima kwa kurasa zaidi ya 400 iko kinywani mwake, na asipojizuia atamuua ampendaye. Lakini anayetusimulia ni Bella, naye wakati huo fahamu zinampotea. Anazinduka hospitalini, Edward ameketi kando ya kitanda, mpole kama kawaida yake.