Mufindi: Siku niliyokata miti ya mama

Kama wiki iliyopita ulinitafuta kijiweni ukanikosa, sikukimbia madeni. Nilikuwa Mufindi, mkoani Iringa, kwenye baridi ambalo likikukuta na fulana ya Kariakoo unaweza kulia mbele za watu.

Unatoka Dar alfajiri, unapita Mikumi ukichungulia twiga, unapanda Kitonga roho mkononi, na jioni unashuka Mafinga. Kuanzia hapo ni miti tu. Huku ndiko liliko Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, zaidi ya hekta 130,000. Mingi ni misindano, ile wanayoiita paina. Asili yake Mexico, lakini huku imezoea kama wenyeji. Na pembeni ya serikali kila mtu ana kishamba chake: mwalimu, mama ntilie, hadi sisi wa Dar.

Mimi nina eka moja, aliniachia marehemu mama. Tuliipanda pamoja miaka minane iliyopita, mimi nikiwa sekondari, nashika kamba, yeye anachimba. Tukabana mita mbili kwa mbili, miti kama elfu moja hivi. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi: miti mingi, mshiko mwingi.

Basi bwana, nafika shambani na mjomba, nikaishiwa nguvu. Nilitegemea magogo, nikakuta fito ndefu zimekonda kama mfuko wangu tarehe 28. Miti ikibanana inagombea mwanga na maji, kila mmoja unakimbilia juu, hakuna anayenenepa. Ndani giza. Matawi ya chini yamekauka yote, na ardhini kuna zulia la sindano kavu.

"Mjomba, karibu nusu ya hii inakwenda chini," akasema.

Nikaruka. Miti ya mama? Mjomba hakubishana. Akanivusha hadi shamba la jirani. Vimebaki visiki vyeusi. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, mtu alikuwa anachoma majani aandae shamba la mahindi, moto ukamshinda. Ukala majani, ukaingia kwenye sindano, ukayafanya yale matawi makavu ngazi mpaka kileleni. Kwa vile vilele vilikuwa vimegusana, ukawa unaruka mti hadi mti. Mwenye shamba alikuwa amekataa kupunguza, akisema kila mti ni ada ya mtoto. Siku moja ada yote ikaenda.

Hapo nikashika kopo la rangi.

Sheria ya mjomba ni rahisi. Uliopinda, alama. Uliodumaa, alama. Wenye vichwa viwili, alama. Ulionyooka na kunenepa unabaki, na jirani zake wanaondoka upate nafasi. Inayobaki inapogolewa matawi ya chini, moto ukose pa kupandia. Nikadhani kazi imeisha. Thubutu! "Ukikata ukaacha matavu hapo chini, umempangia moto kuni," akasema. Tukakokota matawi yote nje kwa siku tatu, mikono ikawa malengelenge. Kisha tukalima barabara ya moto kuzunguka eka nzima, maana miti kupumua hakuzuii jirani kuchoma majani yake. Hiyo itabidi ilimwe kila mwaka, kwa sababu mwanga ukiingia shambani, majani nayo yanaota.

Siku ya mwisho tulibakiza mti wa kona. Huo ndio wa kwanza tuliopanda na mama, naukumbuka vizuri. Umepinda kama kipini cha mwavuli. Mjomba akatazama pembeni, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Nikaupaka rangi. Mama mwenyewe asingependa mti mmoja uwe ngazi ya kuchomea mingine.

Iliyonyooka kidogo tumeiuza mirunda, iliyobaki kuni. Pesa si nyingi, imelipa vibarua na nauli yangu. Lakini nilipogeuka kuangalia, jua lilikuwa limefika chini kwa mara ya kwanza tangu tupande.

Nawe mwenye eka yako huko Mufindi au Njombe unayeiona kwenye picha tu, nenda kabla kiangazi hakijakaza. Na ukipita kwenye jengo huku mjini ukakuta mirunda imeshikilia zege, isalimie. Huenda ni ya mama.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.