Jina Moja Katika Wasia

Nilipokuwa mwanafunzi katika jimbo la Virginia, nchini Marekani, nalikaa nyumbani kwa bibi mjane aliyekuwa amepita umri wa miaka 80. Kodi ya chumba ilikuwa ndogo, na badala ya fedha iliyopungua nalitakiwa kufanya kazi moja, nayo ni kumsomea. Macho yake yalikuwa hafifu. Alichotaka kusomewa hakikuwa gazeti wala riwaya, bali wasia na hati za mashamba za watu waliokufa kabla Marekani haijawa nchi. Bibi alitaka kujua babu zake walikuwa nani. Mimi ni mtu wa pwani ya Kenya, na wazee wa nyumba yetu waliweza kutaja nasaba hata kizazi cha saba pasipo kutazama karatasi. Basi nalidhani kazi hiyo itakwisha kwa juma moja. Ilichukua miezi mitano.

Kila asubuhi ya Jumamosi twalikwenda mahakama ya wilaya. Tangu Virginia ilipokuwa koloni la Uingereza, karani wa kila wilaya alikuwa na wajibu wa kunakili katika vitabu vikubwa kila wasia uliothibitishwa na kila hati ya shamba lililouzwa. Vitabu vya kanisa vyenye majina ya waliobatizwa na waliozikwa vimepotea vingi, kwa hiyo atafutaye nasaba hana budi kufuata mali. Ilikokwenda mali ndiko walikokwenda watoto. Wilaya nyingine hazina hata hivyo vitabu vya mali. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe zilipeleka vitabu vyao mji wa Richmond ili visalimike, na mwezi wa Aprili 1865 moto ulioteketeza sehemu ya mji huo ukaviteketeza navyo. Vya wilaya yetu vilibaki nyumbani, vikapona.

Mwanzoni sikuweza kusoma mistari mitatu bila kukwama. Herufi zilikuwa ngeni kwangu, na maana za maneno zilikuwa zimebadilika. Mtu aliyeitwa binamu katika wasia aliweza kuwa mtoto wa ndugu, na aliyeitwa mkwe aliweza kuwa mtoto wa kambo. Jambo hilo halikunishangaza sana, maana nasi neno letu “ndugu” lingemchosha karani yeyote. Miaka nayo ilikuwa na hila yake. Mpaka mwaka 1752 Waingereza na makoloni yao walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, si tarehe 1 Januari. George Washington, rais wa kwanza wa nchi ile, alizaliwa tarehe 11 Februari 1731 kwa hesabu ya wakati ule, nasi leo twasema 22 Februari 1732. Asiyejua hayo huweza kumfanya mtoto azaliwe kabla ya harusi ya wazazi wake, akawasingizia marehemu aibu wasiyostahili.

Hati za mashamba nilizipenda. Mipaka yake ilitajwa kwa miti na vijito: kutoka mwaloni mweupe uliotiwa alama hata ukingo wa kijito, kutoka hapo hata kona ya shamba la jirani. Nalimkumbuka babu yangu akionyesha mpaka wake kwa mkwaju na mwembe. Mume alipouza ardhi, mahakimu walimhoji mkewe peke yake, mbali na mumewe, ili wajue kama ameridhia. Kwa maana mjane alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya marehemu mumewe, japo kwa muda wa uhai wake tu. Kwetu Waislamu mjane mwenye watoto hupata thumni, lakini thumni hiyo ni mali yake kabisa. Lipi bora nawaachia wanasheria.

Wasia nao ulikuwa na ukimya wa kuhadaa. Mtu alipokufa bila wasia, ardhi yake ilikwenda kwa mwanawe wa kwanza, desturi iliyodumu mpaka ilipovunjwa kwa sheria ya mwaka 1785. Kwa hiyo huenda baba asimtaje kabisa mwanawe mkubwa, si kwa chuki, bali kwa kuwa sheria yenyewe ingempa fungu lake.

Fundo letu lilikuwa hili. Watu wawili wenye jina moja waliishi katika wilaya moja kwa wakati mmoja, na wote wawili walioa wanawake walioitwa Mary. Mmoja wao alikuwa babu wa Bibi. Yupi? Kama ni yule wa kusini, ukoo wake uliweza kufuatwa vizazi vitatu zaidi. Kama ni yule wa kaskazini, njia ilikatika pale pale. Twalisoma hati za mashamba, orodha za kodi na majina ya mashahidi, tusipate la kuwatenganisha.

Jumamosi moja nalikuwa nikisoma wasia wa mzee mmoja wa upande wa kusini. Alimwachia mwanawe ekari kadha, kitanda na farasi. Kisha nikafika penye mwanamke mweusi, aliyetajwa kwa jina moja tu, “pamoja na uzao wake wote ujao.” Nikanyamaza.

“Mbona umenyamaza?” Bibi akauliza. “Karatasi imechanika?”

Nikamwambia haikuchanika. Nikausoma mstari ule wote. Tangu mwaka 1662 sheria ya Virginia ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake. Aliyezaliwa na mtumwa ni mtumwa, hata baba yake awe nani. Mzee yule alikuwa amewarithisha watu ambao hawajazaliwa bado.

Nikafungua orodha ya mali ya mwanawe, iliyoandikwa alipokufa miaka ishirini na kitu baadaye. Baina ya sufuria ya chuma na mtamba wa ng’ombe nikaliona jina lile lile, sasa likiitwa la mwanamke mzee, na chini yake majina ya watoto wake watatu, kila mmoja na bei yake. Yule wa kaskazini hakuwa naye. Fundo likafunguka: babu wa Bibi alikuwa mtu wa kusini. Bibi alipiga makofi kama mtoto, na karani akatugeukia.

Usiku ule mezani aliniona sina furaha. Akasema zama zile zilikuwa hivyo, na kwamba hata Washington aliwaacha watumwa wake huru. Nami nalikuwa nimesoma. Nikamjibu kwamba baba yake Washington alipokufa mwaka 1743 alimwachia mtoto huyo wa miaka 11 shamba na watu kumi. Na mwaka 1799, Washington alipoandika wasia wake kwa mkono wake mwenyewe, shambani kwake Mount Vernon walikuwapo watumwa 317. Waliokuwa wake ni 123. Katika hao William Lee peke yake alipewa uhuru papo hapo, pamoja na dola 30 kila mwaka. Waliosalia wa kwake walifunguliwa tarehe 1 Januari 1801 na mjane wake, Martha. Wengine 153 walikuwa wa urithi wa mume wa kwanza wa Martha, na alipokufa mwaka 1802 waligawanywa kwa warithi.

Nalijua nimevuka mpaka wa mgeni. Bibi aliondoka mezani bila kuniaga, nami nikalala nikiwaza nitahamia wapi.

Asubuhi alinigongea mlango, daftari lake la nasaba mkononi. “Kijana wangu,” alisema, “isipokuwa yeye, nisingewapata wangu. Mwandike.”

Nikaandika jina la yule mwanamke, na chini yake watoto wake watatu. Mahali pa jina la baba yao palibaki patupu, maana hakuna hati iliyomtaja. Jumamosi iliyofuata Bibi alitaka ninakili yote katika karatasi moja, na namba za vitabu na kurasa zake. Akampa karani aiweke mezani pake, akamwomba amwonyeshe yeyote atakayekuja kuuliza habari za jina lile.