Mzinga Uliohamwa

Likizo ya mwaka 1993 tulivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko, kutoka Kigongo hadi Busisi, mimi na mama, tukienda kwa babu huko Sengerema. Babu alikuwa mrina asali, na mizinga yake ya magogo ilining'inia mitini kama magunia yaliyosahauliwa. Asubuhi ya pili aliniamsha tukautazame mmoja uliokuwa kimya.

Aliushusha kwa kamba, akaugonga ubavuni, akatega sikio. Kimya. Alipoondoa mfuniko nikarudi nyuma. Masega yalikuwa yamefumwa nyuzi nyeupe mithili ya utando wa buibui, na mabuu manene yakajivuta kuukimbia mwanga. Mende weusi, wadogo kuliko punje ya mahindi, wakatokomea nyufani. Asali iliyobaki ilitoa povu na kunuka kama machungwa yaliyooza.

"Babu, wadudu wamewaua nyuki!"

"Hawakuuawa, mjukuu wangu. Wamehama. Hawa wamekuja kula makombo. Nyumba yenye watu wengi mwizi haiingii."

Akakwangua uchafu wote, akauzika. Akawasha majani makavu ndani ya gogo hadi kuta zikaungua kidogo, akapaka nta mlangoni, akautundika kwenye mti mwingine, mbali na njia ya siafu. Mvua za vuli zilipokuja, kundi jipya likaingia bila kuitwa.

Nilimkumbuka babu niliposoma kwamba mwaka 2009 varoa, utitiri mwekundu usiofika milimita 2, alionekana Kenya na Tanzania. Asili yake ni kwa nyuki wa Asia. Hunyonya nyuki wakubwa na majana, na huwaambukiza virusi vinavyowaacha na mabawa yaliyokunjamana. Ulaya na Marekani wafugaji wengi hulazimika kutumia dawa mwaka hadi mwaka. Hata wale mende weusi wa kwetu, walipogunduliwa Florida mwaka 1998, walikuta nyuki wasiowajua wakaharibu mizinga mingi.

Nyuki wetu wanao utitiri, lakini kwa kawaida wanahimili bila dawa. Huchambuana miili, hutoa nje majana yenye ugonjwa, na mambo yakizidi huiacha nyumba pamoja na maradhi yake. Kile ambacho mfugaji hukiita hasara, kwao ni tiba.

Babu hayupo tena. Tangu Juni 2025 ghuba ile tunaivuka juu ya daraja kwa dakika chache, na wapo vijana wanaoniuliza dawa gani ya kupuliza mzinga ukiwa mtupu. Nawajibu alivyofanya yeye: ukwangueni, uchomeni moto ndani, upakeni nta, mkautundike kwingine. Kisha ngojeni mvua.