Jibu la Hapana

Katika maisha yangu nimelipia ushauri wa watu wengi, na karibu wote waliniambia nililotaka kusikia. Mmoja tu alipokea ada yake akanijibu hapana. Huyo ndiye ninayetaka kumsimulia hapa, maana wengi wanatafuta njia ya kwenda ng'ambo, na pengine kisa chetu kitamfaa mmoja wao.

Mpwa wangu ni muuguzi. Mwaka 2017 alikuwa na umri wa miaka 28, ana shahada yake na kazi yake hapa Tanga, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuvuka bahari. Alitaka Kanada. Akampata bwana mmoja mjini aliyejiita wakala. Ofisini kwake mlikuwa na feni, ramani ya dunia, na picha za watu waliosimama kwenye theluji wakicheka. Alitaka shilingi milioni 6, naye angeleta barua ya kazi kutoka hoteli moja ya huko.

Dada yangu hakuwa na fedha hizo. Alikuwa na shamba la minazi aliloachiwa na marehemu baba. Akaja kuniuliza, nami, mwalimu mstaafu ninayejiona nimesoma, nikamwambia: "Uza. Mtoto akifika atakununulia mashamba matatu." Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, siwezi kumsingizia mtu.

Shamba likauzwa. Tukalipa nusu, na barua ikaja na muhuri wake mwekundu. Kabla hatujalipa nusu ya pili, jirani ambaye binti yake anaishi Toronto akatupa namba ya simu ya mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kazi yake ni ushauri wa uhamiaji, tena ana leseni.

Jambo la kwanza alilofanya mama yule halikuwa kutaja bei. Alitupa namba yake ya usajili, akatuambia tukahakikishe jina lake katika orodha iliyo wazi kwa kila mtu. Akaeleza kuwa sheria ya uhamiaji ya Kanada, kifungu cha 91, hairuhusu mtu yeyote tu kulipwa kwa kazi hiyo. Sharti awe mwanachama wa chama cha wanasheria, au notari wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa. Wakati ule washauri walisimamiwa na baraza lao. Tangu Novemba 2021 wanasimamiwa na College of Immigration and Citizenship Consultants, ambacho, pamoja na jina lake, si shule bali ni chombo cha kuwasajili na kuwaadhibu.

Tukamlipa ada ya mazungumzo ya saa moja. Akaisoma barua yetu, akanyamaza kidogo.

"Sikiza, baba," akaniambia. "Barua hii ni ya uongo. Kijana akiipeleka, akagundulika, atazuiwa kuingia kwa miaka 5. Na hapo hata mimi sitaweza kumsaidia."

Nikamwuliza kama hakuna njia ya kuipitisha, maana shamba lilikuwa limekwisha kwenda. Naona haya kuandika kuwa niliuliza hivyo. Akajibu: "Hapana." Hakuongeza neno.

Kisha akaanza kazi yake hasa, nami nikajifunza ilivyo. Tangu Januari 2015 wenye ujuzi wanaoomba kuhamia Kanada hupangwa kwa alama: umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi. Alama za umri huanza kupungua mtu akifika miaka 30, kwa hiyo mpwa wangu hakuwa na muda wa kuchezea. Mshauri akampa mambo mawili ya kufanya kwanza: afanye mtihani wa Kiingereza unaotambuliwa, na apeleke vyeti vyake vikapimwe na taasisi inayokubalika. "Msinilipe zaidi mpaka majibu yarudi," akasema. "Na fomu mnaweza kujaza wenyewe, serikali haimlazimishi mtu kuwa na mshauri. Mwenye kutoa viza ni ofisa. Anayekuahidi viza, mkimbieni."

Akamwonya pia kuwa kibali cha kuishi si leseni ya uuguzi. Leseni hutolewa na jimbo, nayo ina safari yake nyingine.

Mtihani wa kwanza alama hazikutosha. Akarudia. Mwaka 2019 jimbo moja likamteua, na uteuzi huo humwongezea mwombaji alama 600. Hapo ndipo mama yule alipotuandalia mkataba wa maandishi na kuchukua ada yake kwa awamu. Kila karatasi iliyopelekwa, nakala yake tulipata. Januari 2020 mpwa wangu akaondoka. Huko alianza kwa kuwahudumia wazee, akisomea leseni yake usiku, na hilo halikumshtua kwa sababu alikuwa ameambiwa mapema.

Yule bwana wa feni na ramani tulimfuata mara mbili. Mara ya pili tulikuta duka la simu. Milioni 3 zetu hazikurudi.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilitaka cha mvunguni nikiwa nimesimama, tena kwa mali ya dada yangu. Kishoka hakunidanganya peke yake. Aliukuta uongo umekwisha andaliwa kiti moyoni mwangu.

Aliyenunua shamba alikata minazi akajenga. Mpwa wangu anamtumia mama yake fedha, na dada yangu hajanilaumu hata siku moja. Lakini kila nipitapo njia ile, huangalia upande wa pili wa barabara.