Pikipiki ya Marehemu Baba

Mjomba anataka tuiuze kama chuma chakavu. Mimi nakataa katakata! Hii Honda CG125 ndiyo inayomletea mama samaki wa biashara kutoka Bagamoyo mjini hadi hapa Makurunge.

Tena maradhi yake yanatibika. Ikikubali sailensa kwa choki tu, ukiifunga inazima, basi jeti ndogo ya kabureta imeziba. Ifungue, isafishe, ipulize. Ukikata usukani na injini ikapanda resi yenyewe, waya wa mafuta umekaza, ulegeze kidogo. Kukaza skrubu ya sailensa ovyo ni kuficha ugonjwa tu.

Ikiunguruma taratibu mlangoni, ni kama baba karudi. Riwaya yangu ingali sura ya pili. Itangoja, samaki hawangoji.