Niliandika "Ulemavu wa Akili"

Katika faili la mtoto mmoja wa skuli ya msingi hapa Unguja, penye aina ya ulemavu, niliandika: wa akili. Nikatia sahihi. Mtoto yule akili yake ilikuwa nzima. Masikio ndiyo yaliyokuwa na kasoro.

Nilikuwa nasomea elimu maalumu Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Tunguu, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Sina wa kumtupia lawama. Chuo chetu ni kidogo, walimu wanatujua kwa majina, na hili walilifundisha waziwazi: kabla hujasema lolote juu ya akili ya mtoto, hakikisha anaona na anasikia. Kisha zungumza na waliomlea, uliza anavyojimudu nyumbani, kuvaa, kutumwa dukani, kucheza na wenziwe. Haya niliyajibu vizuri kwenye mtihani. Darasani nikayaacha.

Nilichokiona ni mtoto wa nyuma katika darasa lililojaa, leo anajibu, kesho ananitazama tu. Nikimwelekea, tunakwenda pamoja. Nikigeukia ubao, ananipotea. Dalili yenyewe ndiyo hiyo, nami nikaihesabu uzito wa kuelewa. Mtoto mwenye usaha masikioni usikivu wake hupanda na kushuka: yakikauka anaitika, yakianza kutoka usaha, maneno humfikia nusunusu. Ndiyo maana wengi huitwa wavivu.

Na bibi yake aliniambia! Alikuja skuli akasema, "Maalim, masikio yake haya yanatoka usaha tokea mdogo." Nikamjibu, "Sawa, bibi," wala sikuandika. Nilitaka kumaliza ripoti, na nilitaka msimamizi wangu aone kwamba nimembaini mtoto.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitaka watoto wenye mahitaji maalumu wasome pamoja na wenzao. Mimi, niliyekuwa nikiisomea kazi hiyo, nilimtoa mtoto kwa wenziwe. Akapelekwa darasa maalumu, akapewa kupanga rangi, naye kusoma anajua. Mwalimu wa darasa hilo ndiye aliyesimama nyuma yake akamwita kwa sauti ya kawaida, hakugeuka. Akasogea, akamwita tena, akageuka. Siku ile ile akawaambia wazee wake wampeleke hospitali ya Mnazi Mmoja.

Nilipojua kwamba tatizo ni masikio, nilimwandikia mwalimu mkuu kuifuta tathmini yangu. Mtoto amerudi darasani kwake, anakaa mbele, ila masomo yamempita na anayakimbilia.

Kisha nikaenda kwa bibi kuomba radhi. Alinikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nimekusamehe, Maalim. Lakini mtaa mzima unamwita punguani, na wameambiwa neno hilo limetoka kwa mwalimu."

Basi nikawafuata majirani, baraza kwa baraza, nikawaeleza kwamba mimi ndiye niliyekosea. Baadhi yao walinielewa. Wengine walinijibu kwamba mtoto huyo wanamjua zamani, sina haja ya kumtetea.