Wiki Tatu za Kombe



Ndugu wasomaji, hapa Mbale, Uganda, tumesomesha madrasa miaka mingi, na wazazi hutuletea mengi zaidi ya alifu na bee. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alituletea mtoto wa miezi mitatu. Kichwa kilikuwa kinakua kupita mwili, utosi umejaa, macho yanatazama chini. Aliugua homa kali mara baada ya kuzaliwa. Majirani walisema ni jini. Sisi hatukusema hivyo, lakini tulimsomea, tukamnywesha mama yake kombe, tukamwambia, "Subiri kidogo, mama." Akasubiri wiki tatu.

Na hospitali iko mji huu huu! Hospitali ya watoto ya CURE, inayotibu maradhi ya ubongo, ilifunguliwa mwaka 2001. Ni ya Wakristo, na hilo, tukiri, lilitufunga ulimi.

Mwishowe baba alimpeleka bila kutuuliza. Tuliwafuata kwa haya. Tukaelezwa kwamba maambukizi ya utotoni huweza kuziba njia za maji ya ubongo. Tiba ya siku zote ni mrija unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Ukiziba nawe uko kijijini, mtoto anaweza kufa. Hapo hospitalini Dk. Benjamin Warf aliendeleza njia nyingine: kwa kamera nyembamba hutobolewa tundu ndani ya ubongo maji yapite, na sehemu inayoyatengeneza huunguzwa.

Matokeo? Tusidanganyane. Utafiti wa hapo hapo kwa watoto 100 wa chini ya miezi sita, uliochapishwa 2017, ulilinganisha njia hizo. Tiba ilishindwa kwa asilimia 35 ya waliotobolewa na asilimia 24 ya waliowekewa mrija, tofauti ambayo huenda ilitokea kwa bahati tu. Baada ya miezi 12 uwezo wa akili ulikaribiana. Lakini njia zote mbili hupunguza maji tu. Ubongo ulioharibika haurudi.

Hilo ndilo lililotukaa moyoni. Mtoto yu hai, alhamdulillahi. Anakaa mkekani na wenzake, Fatiha anaitamka kwa shida, jicho moja halioni vizuri. Wiki zile tatu zilichukua nini, Allah ndiye ajuaye. Mama yake hajawahi kutuuliza.

Siku hizi tukiletewa mtoto wa namna hiyo, nauli ya bodaboda tunaitoa sisi, na dua tunaisoma njiani.